Mila na Upya katika Jazi ya Wamanouche

Wako wapenzi wa jazi ya Wamanouche wa Ufaransa wasemao kwamba muziki huo hauna budi kupigwa vile vile alivyoupiga Django Reinhardt, wala usitiwe jambo jipya. Twataka kuyapima maneno hayo kwa mkusanyo wa nyimbo uitwao "Move", uliotolewa mwaka 2005 na Biréli Lagrène pamoja na kundi lake, Gipsy Project.

Lagrène ni Mmanouche wa Alsace, aliyezaliwa mwaka 1966. Utotoni alimfuata Django. Baadaye akashika gita la umeme miaka mingi, hata mwaka 2001 akalirudia gita la mbao. Katika "Move" wapigaji ni wanne: yeye mwenyewe; Hono Winterstein, ashikaye mwendo kwa gita la pili; Diego Imbert wa besi; na Franck Wolf wa saksafoni. Ngoma hamna, mkono wa Winterstein ndio ngoma yao.

Wenye kulaumu husema saksafoni imeketi mahali pa fidla. Ni kweli, lakini wamesahau mambo yaliyotangulia. Quintette du Hot Club de France, iliyoanza mwaka 1934, ilikuwa na magita matatu, besi, na fidla ya Stéphane Grappelli. Vita vilipotokea mwaka 1939, Grappelli alibaki London. Django, akiwa Paris, aliiweka klarineti ya Hubert Rostaing mahali pa fidla, akaongeza na ngoma. Na mwaka 1940 wakapiga "Nuages", wimbo wake ujulikanao mno. Baada ya vita alishika hata gita la umeme. Basi akatazaye mageuzi kwa jina la Django amkataza Django mwenyewe. Na Lagrène, aliyeacha ngoma, ameishika desturi ya kwanza kuliko mwalimu wake.

Hata hivyo hatusifu yote. Pengine wepesi wa vidole vya Lagrène huzisonga sauti, msikilizaji asipate nafasi ya kuonja wimbo. Django, ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vililemaa kwa moto mwaka 1928, alijua thamani ya kunyamaza kidogo.

Neno hili lawahusu pia wakusanyao nyimbo na mila za watu. Tusiiandike desturi kwa kutazama chombo tu. Katika kundi hili fidla imeondoka, lakini mkono ule wa mwendo umebaki, na kwa huo twautambua muziki kuwa ni wa Wamanouche.