Sifa za Faili la Mfano

Nikitaka kumjua mtengeneza programu wa wavuti, sianzi na msimbo wake. Nafungua kwanza .env.example, lile faili la mfano linalotaja vigeu vya mazingira ambavyo programu inavihitaji ili iwake. Humo ndimo anamoonekana kama anawafikiria wenzake, na ustadi huo nauheshimu kuliko ujuzi wa fremuweki yoyote mpya.

Vigeu hivi si vya juzi. Vilikuja na Unix toleo la 7, mwaka 1979: jina, alama ya sawasawa, thamani, na kila mchakato unaozaliwa hurithi nakala kutoka kwa mzazi wake. Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku, katika mwongozo wake wa Twelve-Factor App, akasisitiza kwamba mipangilio inayobadilika toka mashine hadi mashine ikae humo, nje ya msimbo. Kipimo chake nakipenda mno: je, msimbo wako unaweza kuanikwa hadharani sasa hivi bila siri hata moja kuvuja?

Chukua programu inayopokea malipo ya M-Pesa. Kwenye kompyuta ya fundi inazungumza na sandbox.safaricom.co.ke, kwenye majaribio; kwenye seva yenyewe ni api.safaricom.co.ke, ambako pesa za watu zinatembea kweli. Msimbo ni uleule; kinachobadilika ni thamani za vigeu. Basi fundi mwema huandika katika .env.example:

# Namba ya majaribio. Ya kweli muulize msimamizi
MPESA_SHORTCODE=174379
MPESA_CONSUMER_SECRET=

Siri imeachwa tupu, maelezo yapo. Kijana aliyeajiriwa jana analinakili faili hilo kwa jina la .env, anajaza mapengo, na kabla ya chai ya saa nne programu imewaka. Faili lake la .env limetajwa ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git, mtunza historia ya msimbo, haitayachukua, kwani Git haisahau: ufunguo ukishaingia, hata ukiufuta historia bado inao, na huna budi kuubatilisha.

Kisha kuna ukaguzi. Kila thamani hufika kama maandishi, hivyo DEBUG=false, ukiipima kizembe katika JavaScript, inahesabiwa kuwa kweli, maana maandishi yoyote yasiyo tupu ni kweli. Fundi makini hukagua vigeu vyote programu inapowashwa; kimoja kikikosekana, anaizuia papo hapo na kukitaja kwa jina: “DATABASE_URL haipo.” Maneno mawili tu, na mwenzake ameepushwa na asubuhi nzima ya kusaka kosa la hifadhidata lisilosema limetoka wapi.