Sauti Iliyobaki Peke Yake: Kuipima Albamu ya Msanii Aliyetoka Kundini

Makambako inapima wimbo, Njombe inapima albamu. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zipatazo 60 tu za lami, lakini anayetaka kujua kuhukumu kazi ya msanii aliyetoka kundini akasimama mwenyewe anahitaji masikio ya miji yote miwili. Nitatumia albamu moja, Definition of Love ya Mbosso, iliyotoka Machi 2021, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo ambalo mashabiki hugombania na wachambuzi wa redioni huliruka.

Tuanze na alikotoka, maana huko ndiko kipimo kilipo. Mbosso, kijana wa Kibiti mkoani Pwani, alijulikana kwanza kwa jina la Maromboso akiwa Yamoto Band, vijana wanne waliolelewa na Said Fella pale Mkubwa na Wanawe, Temeke. Wenzake walikuwa Aslay, Beka Flavour na Enock Bella. Kundini mtu haimbi wimbo mzima. Anapewa kipande chake, anakimaliza, mwenzake anapokea, na msikilizaji hachoki kwa kuwa sauti haikai ileile. Aslay alikuwa na sauti ya kulalamika inayoingia moja kwa moja moyoni. Enock Bella alikuwa na ile nzito ya chini iliyoushika wimbo usipeperuke. Mbosso alikuwa na sauti laini, ya juu, yenye madaha ya pwani. Kundi lilipovunjika kila mmoja aliondoka na robo yake. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza albamu ya msanii wa namna hii ni hili: kazi waliyokuwa wakiifanya wale watatu sasa inafanywa na nani?

Sijaona watu wanaolijibu swali hilo vizuri kama watu wa Njombe. Mji ule ndio makao makuu ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, na kwaya huko ni malezi. Mtoto anaijua sauti yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, kabla hajajua vizuri kusoma. Na baridi ya kule inawaweka watu ndani jioni, redio ikiwa karibu na jiko la mkaa, kwa hiyo wimbo unasikilizwa mpaka mwisho. Niliwahi kuisikiliza albamu hii na wanakwaya wa pale. Mmoja, mwimbaji wa sauti ya nne, alikuwa akirudisha nyuma sehemu ileile ya kiitikio, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaweka kidole mezani na kusema, "Hapa anajiitikia mwenyewe." Alikuwa amesikia kwamba sauti za nyuma ni za mwimbaji yuleyule, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mpangilio wa noti umekamilika, lakini koo ni moja. Sauti ya kwanza na ya tatu zinapotoka kwenye koo moja, utamu upo na ule msuguano wa watu wawili haupo.

Hiyo si kasoro ya kumtupia Mbosso peke yake. Karibu Bongo Fleva yote ya sasa inarekodiwa hivyo, kwa kuwa studio inaruhusu na muda ni mali. Ila kwa msanii aliyezaliwa ndani ya kundi pengo linasikika zaidi. Ukitaka kulijua, tumia spika za masikioni, acha maneno, fuata sauti za nyuma tu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Ukiona umesahau kuzifuata kwa sababu sauti ya mbele imekuchukua, mwimbaji ameshinda. Ukiona unazihesabu, bado anawatafuta wenzake.

Sehemu ambayo Mbosso anashinda waziwazi ni Tulizana, aliyoifanya na Njenje, bendi kongwe ya dansi. Wakongwe hao hawashindani naye, wanamtandikia. Sauti yake changa inapata sakafu ya kukanyagia, kazi ambayo zamani aliifanya Enock Bella, na mara moja unasikia kwa nini kijana huyu alistahili albamu yake. Kwangu mimi huo ndio wimbo wa kuanza nao, na ndio ninaompa mtu anayedai kwamba Mbosso ni mtu wa kubembeleza tu.

Sasa tushuke Makambako. Pale barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inaachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo. Kila mtu yuko safarini. Kijana wa kibanda cha kurushia nyimbo ana kompyuta moja, spika mbili zilizoelekezwa stendi, na foleni ya makonda na madereva wanaotaka flashi ijae kabla gari halijaondoka. Anabonyeza, wimbo unalia sekunde kumi hivi, mteja anasema "weka" au "ruka". Hakuna anayeomba albamu. Wanaomba goma. Baikoko, aliyoimba na Diamond Platnumz kwa mwendo wa ngoma ya Tanga, inawekwa bila mjadala. Wimbo wa taratibu unaoanza na kinanda kirefu unarukwa, hata kama dakika ya tatu ina jambo la ajabu.

Wapo wanaoidharau hukumu hiyo. Mimi siidharau. Sekunde kumi za Makambako zinapima kitu halisi: kama mwimbaji anatambulika mara tu anapofungua mdomo, kelele za injini zikiwepo. Mbosso anatambulika. Vijana wengi waliofuata mtindo wake hawatambuliki, unawachanganya wao kwa wao. Ila kipimo hicho hakiwezi kukuambia kama nyimbo 12 zinakaa pamoja, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanachukua jibu la stendi na kulifanya hukumu ya kazi nzima.

Kukaa pamoja kuna historia yake kwetu. Professor Jay alipotoka kundi la Hard Blasters na kuleta Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, kaseti ilikuwa na upande A na upande B. Kuruka wimbo ilikuwa kazi ya kubonyeza na kubahatisha, basi watu waliacha mkanda utembee, wakajikuta wamezizoea hata nyimbo ambazo hazikupigwa redioni. Msanii naye alijua, akapanga. Leo mpangilio unasikika kwa wachache, lakini bado unafaa kuupima. Tazama wimbo wa saba, wa nane, wa tisa. Huko ndiko wasanii hufichia nyimbo za kujazia. Kwa Definition of Love, lawama yangu ni kwamba mapenzi yaleyale ya kubembelezana yanarudi kwa pembe ileile mara nyingi mno, na kinachobadilika ni mgeni aliyealikwa. Darassa yumo kwenye Kadada, Spice Diana wa Uganda yumo kwenye Yes, na wengine wapo. Kolabo nzuri inamlazimisha mwenye nyumba aimbe tofauti na alivyozoea, kama Njenje walivyomlazimisha. Nyingine zinaleta jina tu. Ningependa nyimbo mbili zaidi ambamo yuko peke yake kabisa, bila mtu wa kumpokea.

Aslay alichagua njia nyingine. Baada ya Yamoto, mwaka 2017, alimwaga wimbo juu ya wimbo, mmoja haujapoa mwingine umetoka. Kila wimbo ulihukumiwa peke yake, na Makambako walimpenda kwa hilo. Mbosso alisubiri. Alisaini lebo ya WCB Wasafi mapema 2018, na albamu ikaja baada ya miaka mitatu. Anayewalinganisha wawili hawa kwa idadi ya watazamaji wa YouTube analinganisha kazi zisizofanana.

Mapokezi nayo yanahitaji kusomwa kwa tarehe. Albamu hii ilitoka siku chache kabla ya tangazo la Machi 17, 2021, la kifo cha Rais John Magufuli. Nchi ikaingia kwenye maombolezo, na redio zikageukia nyimbo za maombolezo na za dini. Mtu anayesema albamu ilipoa mwezi ule aulize kwanza ni albamu gani ya mapenzi ingepigwa siku zile. Albamu hii ilipata muda wake baadaye, na watu wengi waliipokea wimbo mmoja mmoja, video ilipotoka.

Sifa za mashabiki wa lebo zipunguze, na matusi ya mashabiki wa lebo pinzani yapunguze kwa kiasi hichohicho. Kinachobaki ni maoni ya watu wasio na timu: mama muuza viazi anayejua kiitikio bila kujua jina la mwimbaji, fundi cherehani anayerudia wimbo mmoja wiki nzima. Watangazaji wa mikoani nao uwasikilize kwa makini, maana wanapokea simu za wasikilizaji kila siku na wanajua wimbo gani unaombwa baada ya miezi sita. Mchambuzi anayesema albamu ni kali bila kutaja wimbo hata mmoja usiokuwa na video, hajaisikiliza.

Mwaka 2025 Mbosso aliondoka WCB na kutoa EP ya Room Number 3, yenye wimbo Pawa. Ni mara ya pili anatoka kundini, safari hii kwenye lebo. Isikilize kwa masikio yaleyale: sekunde kumi kwenye spika ya bajaji, halafu yote kwa mpangilio wake, ukifuata sauti za nyuma. Mimi nasikia mwimbaji asiyewatafuta tena wale watatu.