Kila Seva na Kazi Yake

Rwanda ilipozindua jukwaa la Irembo mwaka 2015, huduma za serikali zilianza kuhama kutoka foleni za ofisini hadi kwenye simu na kompyuta. Kisha Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ikaagiza taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya nchi, isipokuwa kwa kibali. Kusanifu klasta za hifadhidata, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja, kukawa ufundi unaotakiwa hapahapa Kigali, nami nausifu kwa moyo wote.

Anayeanza hupanga seva zinazofanana na kuzibebesha zote kazi zote: kutunza data, kupokea maombi, kuongoza. Mambo hunyooka hadi siku ya msongamano. Hapo nodi kiongozi, yaani seva inayoongoza klasta, ikiwa imezama katika kutafuta rekodi, huchelewa kuitikia wenzake. Nao hudhani imekufa, huchagua nyingine, na klasta nzima ikayumba kwa ombi moja zito. Mshika mbili moja humponyoka.

Fundi hodari hutenganisha. Uongozi huukabidhi kwa nodi tatu ndogo zisizobeba data kabisa. Nodi za data huzipa diski za kasi na kumbukumbu tele. Nodi za uratibu husimama mlangoni, zikigawa maombi na kuunganisha majibu. Data ikiongezeka, huongeza nodi za data. Za uongozi hubaki tatu.

Kwa nini tatu? Nodi za uongozi humchagua kiongozi kwa kura. Akidi ya wapiga kura watatu ni wawili, hivyo mmoja akianguka kazi inaendelea. Akidi ya wanne ni watatu: umenunua mashine zaidi, na bado unamudu kupoteza moja tu. Mtandao ukikatika katikati, upande usio na akidi huacha kuandika, ili mwananchi asije akawa na rekodi mbili zinazopingana. Ndiyo maana mwenye kumbi mbili za seva Kigali afadhali amweke mpiga kura wa tatu mbali nazo, tuseme Huye. Nodi hiyo haihitaji diski kubwa; kazi yake ni kura.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba ufundi huu hupimwa kwa kazi ambazo msanifu amekataa kuipa kila seva. Kuongeza mashine ni suala la fedha. Kuziwekea mipaka kunataka akili na subira. Vijana wanaosomea uhandisi Kigali, kabla ya kuwasha seva ya kwanza, na wajiulize: hii isifanye nini?