Shukrani kwa Explorer 45

Miongoni mwa vyombo vya angani vilivyokwisha kustaafu, hakuna, kwa rai yangu, kistahilicho sifa kwa mwambao wetu kama Explorer 45 ya Wamarekani, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1971 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Uzito wake wa kilo 50 hivi haukuwa kitu. Lakini ilikabidhiwa kuuchunguza ule mkondo wa umeme uizungukao dunia juu ya ikweta, maelfu ya maili angani, ambao, dhoruba za jua zivumapo, huzidi nguvu na kuupunguza usumaku wa ardhi, hata sindano nyeti za dira zikayumba. Na kwa elimu hiyo, ni bandari gani ingalifaa kuliko Malindi, jirani ya ikweta yenyewe? Ilihudumu hadi 1974.