Nyumba ya Mbwa Mwoga: Ukaguzi Huanzia Mlangoni

Kanuni za Marekani za ustawi wa wanyama zinamruhusu mzalishaji wa mbwa wa biashara kumfungia mbwa kwenye kizimba chenye sakafu ya mraba ambayo kila upande wake unazidi urefu wa mbwa, kutoka puani hadi shina la mkia, kwa inchi 6 tu. Hizo ni kama sentimita 15. Chihuahua au Yorkshire anaweza kuishi humo miaka, akizaa, hadi siku anapookolewa. Kumtafutia nyumba mbwa wa namna hiyo ni kazi ya kiufundi, nayo huharibika mara nyingi kwa sababu wanaoifanya huitazama kama kazi ya huruma.

Mwaka 2011 Franklin McMillan, James Serpell na mwenzao walichapisha utafiti uliolinganisha mbwa 1,169 waliotoka kwa wazalishaji hao na mbwa wa kawaida wa majumbani. Waliotoka vizimbani waliogopa watu na vitu zaidi, walijisaidia ndani zaidi, na walikuwa na tabia ya kukodoa macho tu. Lakini ukali wao kwa wageni ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao.

Mtego uko hapo kwenye ukali mdogo. Familia inafika kwenye kituo cha mbwa waliookolewa, mama anamwinua mbwa, mbwa anatulia mapajani kama mto, na karatasi zinasainiwa. Kumbe ameganda kwa hofu. Mkaguzi makini wa kituo huangalia masikio yaliyolala nyuma, mdomo uliofumbwa kabisa, weupe wa jicho unaochungulia pembeni, ulimi unaolamba pua kila mara. Kisha huweka kipande cha kuku mbele yake. Mbwa mwenye njaa anayekataa kuku ameshatoa taarifa inayohitajika: leo haondoki na mtu.

ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama, lilianza kushughulikia mbwa wenye hofu kali mwaka 2013 huko New Jersey, na mwaka 2018 likafungua kituo cha kudumu Weaverville, North Carolina. Mbinu zao hazina uchawi. Mojawapo ya mbinu zinazotumika kwa mbwa kama hawa ni kurusha chakula nyuma ya mbwa, si mbele yake, ili akifuate kwa kumpa mtu mgongo, kisha arudi mwenyewe akipenda. Nyingine, ambayo kwa maoni yangu inazidi zote, ni kumweka pamoja na mbwa mwingine asiye na wasiwasi. Mwoga humtazama mwenzake akipapaswa na kupewa nyama, halafu anaanza kusogea.

Ndiyo maana, katika kuchagua nyumba, ningetanguliza kuwapo kwa mbwa mwenyeji mtulivu kuliko sharti la bustani, ambalo vituo vingi hulishikilia mno. Uwanja mkubwa kwa mbwa huyu ni mahali pengi pa kujificha. Kinachohitajika ni milango miwili kati yake na barabara. Mnyama wa kilo tatu hupenya kwenye upenyo ambao mtu haoni hata kama ni upenyo, na siku za mwanzo ndizo za hatari kubwa. Nje hutembezwa kwa kamba mbili, moja shingoni na nyingine kwenye mikanda ya kifua, kwa kuwa mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kuchomoka.

Watu wa nyumbani huhojiwa kwa maswali ya kawaida kabisa. Nani hufungua mlango mgeni akibisha? Watoto wa jirani huingia bila hodi? Na lile linalochuja wengi: mbwa asipokubali kuguswa kwa miezi mitatu, mtafanya nini? Anayejibu kwamba atambembeleza hadi azoee ananipa mashaka, hata akiwa na roho nzuri kiasi gani. Kwa mbwa mdogo hatari ya kulazimishwa kuguswa ni kubwa zaidi, kwa sababu kila mtu anaweza kumnyanyua, na akishanyanyuliwa hana pa kukimbilia.

Akipatikana mtu anayefaa, afadhali aanze kama mlezi wa muda, umiliki ukibaki kwa kituo. Hivyo kumrudisha hakuwi aibu, na mlezi husema ukweli mapema. Wiki ya kwanza mbwa hupewa chumba kimoja, chakula kilekile alichozoea, na blanketi lake lisilofuliwa.

Mbwa akitoroka, asikimbizwe wala kuitwa kwa sauti, maana vyote viwili humsukuma mbali zaidi. Chakula na kizimba cha kunasia huwekwa pale alipoonekana mara ya mwisho, watu huondoka, na yule mbwa mwenyeji hupitishwa hapo kwa kamba ili aache harufu.