Pablo Casals: Sauti ya Chelo na Uzito wa Ukimya

Je, msanii anyamazapo kwa ajili ya haki, ukimya wake wahesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake? Swali hili twaliweka mbele ya wasomaji tunapoipima kazi ya Pablo Casals (1876–1973), mpiga chelo wa Catalonia, Hispania.

Casals alizaliwa El Vendrell, baba yake akiwa mpiga kinanda wa kanisa. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 13, aliikuta katika duka moja la Barcelona nakala ya mikusanyo sita ya vipande ambavyo J. S. Bach aliitungia chelo peke yake yapata mwaka 1720. Huo si muziki wa ibada; kila mkusanyo una utangulizi na ngoma kadhaa. Wengi waliuona kuwa mazoezi ya vidole tu. Casals alijifunza kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuthubutu kupiga mkusanyo mzima hadharani, na kati ya 1936 na 1939 akairekodi yote sita.

Wako wanaozilaumu rekodi hizo: mwendo wanyumbuka mno, hata ngoma zikapoteza hatua zake. Lawama hiyo ina haki. Hata hivyo kila noti hutamkwa kama neno lenye maana, na palipodhaniwa pana mazoezi pakasikika usemi.

Jenerali Franco aliposhinda mwaka 1939, Casals alikaa uhamishoni Prades, kusini mwa Ufaransa, akiwasaidia wakimbizi wenzake. Vita Kuu ilipokwisha mwaka 1945, mataifa yaliyoshinda yalimwacha Franco madarakani. Ndipo Casals akakataa kupiga hadharani. Mwaka 1950 wanamuziki walimfuata Prades kuadhimisha miaka 200 tangu kifo cha Bach, naye akapiga pamoja nao. Mwaka 1961 alipiga Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Kennedy, ingawa Marekani ilimtambua Franco. Wengine husema alijipinga mwenyewe.

Sisi twaona hivi: kama silaha, ukimya ule ulishindwa. Franco alitawala hadi 1975, na Casals alifia Puerto Rico miaka miwili kabla yake. Mabaki yake yalirudishwa El Vendrell mwaka 1979. Lakini kama ushuhuda haukushindwa, kwa kuwa alitoa kile alichokipenda na kilichompatia riziki. Usiku ule wa 1961 waupunguza ushuhuda huo, wala hauufuti. Nasi tuliozoea kuupima ushuhuda kwa wingi wa maneno, hatuna budi kujiuliza kunena kwetu kumetugharimu nini.