Iwashe Ipi? Uhakiki wa Kozi za Google za Uandishi wa Kiufundi

Mwaka 2020 kampuni ya Google ilizifungua kwa umma kozi zake za uandishi wa kiufundi, ambazo awali ziliandaliwa kwa ajili ya wahandisi wake. Kozi hizo ni za bure. Mwanafunzi husoma masomo mafupi peke yake, kisha hufanya mazoezi na wenzake darasani chini ya mwezeshaji. Miongozo ya wawezeshaji nayo hutolewa bure. Kwa hili kozi zinastahili sifa. Zinamfundisha mwanafunzi kumfikiria msomaji kabla ya kuandika, na zinamwonya mtaalamu kwamba wingi wa ujuzi humsahaulisha yale ambayo mwenzake hayajui.

Je, zinatufaa sisi tunaojiandaa kuandika maelekezo kwa Kiswahili? Swali hili lina uzito katika nchi zetu. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha uamuzi kama huo mwaka 2022. Lugha rasmi inahitaji fomu, miongozo na maelekezo ya mashine, na lazima apatikane wa kuyaandika.

Tuanze na kanuni ya kupendelea kauli ya kutenda. Kwa Kiingereza, kauli ya kutendwa huongeza maneno na mara nyingi humficha mtendaji. Kwa Kiswahili, kiambishi -w- hukaa ndani ya kitenzi: "maji yachemshwe" ina maneno mawili, sawa na "chemsha maji". Hoja ya urefu inaanguka. Hoja ya mtendaji inabaki, kwa kuwa "pampu ikaguliwe kila wiki" haisemi ni nani wa kuikagua. Anayeimeza kanuni hii nzima atafuta sentensi nyingi zisizo na kosa.

Kanuni ya pili inatahadharisha juu ya viwakilishi visivyojulikana vinarejelea nini. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kujiona salama, kwa sababu ngeli humwongoza msomaji: "kizime" ni kitufe, "uzime" ni mtambo. Lakini tazama majina ya vifaa tuliyoyakopa: simu, kompyuta, betri, printa, pampu, jenereta. Yote yamo katika ngeli ya I-ZI. Sasa soma: "Unganisha pampu na jenereta, kisha iwashe." Upatanisho wa kisarufi ni kamili, na mhadhiri wa lugha atatia alama ya vyema. Fundi umeme atauliza: niwashe ipi? Yeye anajua kwamba jenereta huwashwa kwanza bila mzigo, ndipo vifaa vingine vifuate. Mkulima aliyenunua pampu jana hajui.

Hapo ndipo ninapoona upungufu mkubwa wa kozi hizi kwetu. Mazoezi yake yanategemea sana wanafunzi kusomeana kazi. Wanafunzi wawili wa lugha ambao hawajawahi kugusa jenereta wataisoma sentensi ile, wataielewa kila mmoja kwa namna yake, na wataipitisha. Mwezeshaji anayejua uandishi tu naye anaweza kuipitisha.

Kwa hiyo vyuo vyetu visichukue kozi hizi na kuzitafsiri tu. Vichukue muundo wake, vibadilishe mifano, kisha vimlete darasani mtu wa kazi: fundi, muuguzi, bwana shamba. Asipewe kalamu nyekundu asahihishe lugha, kwani hilo wahadhiri wetu wanalimudu. Apewe maelekezo na kifaa chenyewe, afanye yaliyoandikwa bila kusaidiwa, na mwandishi atazame akiwa kimya. Kisha asiyeijua kazi hiyo naye ajaribu, kwa maana mtaalamu hujaza mapengo kwa uzoefu wake. Pale mmoja wao atakaposita, sentensi iandikwe upya: "Washa jenereta. Kisha washa pampu." Neno limerudiwa, na mwalimu wa insha huenda asilipende. Mwenye pampu atalipenda.